Mguu Usiofika Mahakamani

Wakili alimwamuru Uriah Cobb avue suruali mbele ya mahakama, naye Uriah akaivua. Wanawake waliokuwa wameketi nyuma wakainamisha nyuso zao, isipokuwa Thirza Wadleigh, mke wa daktari aliyeshitakiwa. Yeye alikuwa ameuosha mguu ule kwa mikono yake majira yote ya baridi ya mwaka uliopita, na hakuona kwa nini auonee haya leo.

Uriah akalazwa juu ya meza, nguo yake ya ndani ya sufu imekunjwa hadi pajani. Wakili wake akatoa utepe wa fundi cherehani, akapima mguu wa kulia kutoka nyonga hadi kisigino, kisha akapima wa kushoto, halafu akauinua utepe juu ili wazee wa baraza waone. Kidole chake kilikuwa kimebana mahali ambapo mguu mmoja ulikoma kabla ya mwenziwe.

"Waheshimiwa, huu ndio ufundi wa Daktari Asahel Wadleigh," alisema. "Mtu huyu alimpelekea daktari mguu mmoja, akarudishiwa mwingine."

Watu wakacheka. Mmoja wa wazee wa baraza, mshona viatu, hakuweza kujizuia. "Mimi nikimshonea mtu buti, moja ndefu moja fupi, hanilipi ng'o! Na akiwa na hasira atanitupia usoni."

"Mzee, utasema wakati wako ukifika," hakimu akamkemea, lakini naye alikuwa akitabasamu.

Asahel akasimama. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kwa miaka mingi ya kuinamia vitanda vya wenzake. "Mti ulimwangukia msituni," alisema. "Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi na kutoka nje. Daktari yeyote hapa Vermont angeukata mguu huu siku ileile. Mimi nilimwonea huruma, ana watoto na shamba la mawe. Nikaufunga magango, nikakaa naye—"

"Jibu ulichoulizwa, Daktari," wakili wa Cobb akamkatiza. "Mguu huu ni mfupi au si mfupi?"

"Ni mfupi."

"Asante. Unaweza kukaa."

Akaja Daktari Cyprian Loomis, aliyehamia pale Kelton Mills miaka michache tu iliyopita, glavu zake mkononi, sauti yake laini kama siagi. Alisema mwenzake Wadleigh ni mtu mwema, mcha Mungu, na kwamba inamwuma kusema atakalosema. Lakini kwa kuwa ameapa, aseme nini? Ungekuwa mikononi mwake, mguu ule ungenyooka. Thirza alimtazama Uriah. Uriah alikuwa akijifunga suruali yake akitazama sakafu, na alipomaliza alishuka mezani akatembea kwa miguu yake miwili hadi kwenye kiti, akichechemea, huku baraza zima likimhesabia kila hatua kuwa kosa la Asahel.

Hukumu ya kumlipa Cobb fidia ilipokwisha kusomwa, wakili wa akina Wadleigh, mzee Sewall, aliwasindikiza hadi nje. Akasimama ngazini, akajaza kiko chake tumbaku, na kusema kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa:

"Daktari, nikuambie jambo ambalo hawakukufundisha chuoni. Mguu uliokatwa haufiki mahakamani. Umezikwa, nani ataupima? Uliopinda ndio unaoingia mlangoni wenyewe, ukapanda mezani, ukatoa ushahidi. Ungemkata Cobb, leo angekuwa anakuletea kuku kila Krismasi."

"Angekuwa kiwete," akasema Asahel.

"Angekuwa kiwete mwenye shukrani." Sewall akawasha kiko. "Safari hii mkiuza farasi na lile benchi mlilolinunua kanisani, vitatosha. Ikija kesi nyingine kama hii, ni nyumba. Mama, mwangalie mumeo asiwe na huruma kupita kiasi."

Thirza akaitikia kwa kichwa. Aliyahifadhi maneno yale moyoni kama mtu anayehifadhi mbegu.

*

Farasi alichukuliwa na mtu wa mbali, na hilo lilikuwa afadhali, kwa sababu hawakulazimika kumwona tena. Benchi lilinunuliwa na Loomis. Lilikuwa benchi la tatu kutoka mbele, lenye mlango wake mdogo na mto wa kukalia ambao Thirza aliushona alipokuwa bibi harusi. Jumapili iliyofuata yeye na mumewe waliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na vibarua na wajane wasio na benchi, na upepo ukawa unawapiga visigino kila aliyechelewa alipoingia. Kutoka pale waliona kofia ya mke wa Loomis ikitikisika juu ya mto ule, mahubiri yote.

Dukani kwa Gad Purcell mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana kanisani angalau watu hawasemi. Thirza alikwenda kununua kitambaa cha kushonea mashati. Purcell akakitandaza juu ya meza yake, akakipima mara moja, akakipima tena, akawakonyeza wanaume waliokuwa wakiota moto kando ya jiko.

"Ngoja nipime vizuri, mama. Kikija kupungua nitapelekwa mahakamani mie."

Jiko zima likaangua kicheko.

"Mwacheni mama wa watu," mmoja akasema, akijifuta machozi. "Ila Daktari siku hizi anatembea kwa mguu, eti? Bora. Ataona raha ya kuwa na miguu iliyolingana."

"Kitambaa changu, Bwana Purcell," akasema Thirza. Alikipokea, akakikunja taratibu pembe kwa pembe, akatoka akiwa amenyoosha shingo. Alipofika kwenye kona ambako hakuna dirisha linalotazama, aliegemea ukuta wa ghala akalia kwa hasira. Hakuwa akimlilia Asahel. Alikuwa akijililia mwenyewe, jina lake, na lile benchi. Naye alijua hivyo, na kujua kukamwongezea machozi.

Wagonjwa wakapungua. Wenye homa na wenye majipu wakawa wanapita mbele ya nyumba yao na kwenda moja kwa moja kwa Loomis. Jioni Asahel alikuwa akikaa karibu na dirisha akisafisha visu ambavyo havikuwa vimetumika. Siku moja alisema bila kugeuka:

"Unajua Thirza, ule mguu ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya maishani."

Thirza alikuwa akitazama kuta, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeaga.

*

Ilikuwa mwezi wa Machi, theluji imeanza kulegea na kila shamba linachemsha utomvu wa miti ya sukari, Jotham Tarbell alipokuja mbio na sleji lake la kukokotwa juu ya theluji, farasi wakitoka povu. Binti yake Lovina alikuwa akishusha mapipa ya utomvu mteremkoni. Sleji likateleza, pipa likamwangukia.

"Kwa nini hukumwita Loomis?" Thirza aliuliza, tayari anafunga kofia yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimpa mgonjwa etha ya usingizi na kushika kiungo mumewe alipokuwa akifanya kazi. Hawakuwa na msaidizi mwingine.

"Loomis yuko safarini," akasema Jotham kwa unyofu wa mtu mwenye kiwewe. Kisha akaona alichokisema, akainamisha kichwa. "Samahani, mama."

Lovina alikuwa amelazwa juu ya meza ya jikoni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mwenye nywele nyekundu na midomo aliyoiuma kwa meno. Nyumba nzima ilinukia sukari, kwa sababu sufuria lilikuwa bado motoni na hakuna aliyekumbuka kulitoa. Mama yake, Electa, alikuwa amemkumbatia kichwa. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika na kuchomoza, mweupe, kidogo tu, kama jino la mtoto linapoota.

Asahel akainama. Alivua buti ya msichana kwa kuikata, akauweka mkono wake juu ya wayo, akafumba macho.

"Una joto," akasema. "Lovina, mwanangu, chezesha vidole."

Vidole vikacheza.

"Nikuchezeshee na muziki, Daktari?" Lovina akasema, akijaribu kucheka, halafu akazimia nusu kwa maumivu.

Asahel akainua uso wake. Thirza aliujua uso ule. Ndio aliokuwa nao siku ya mguu wa Cobb, uso wa seremala aliyeletewa mbao nzuri. "Naweza kujaribu kuuokoa," alisema. "Sitakuahidi, Jotham. Kidonda kinaweza kuoza, na kikioza itabidi nikate kwa haraka. Lakini damu inafika, na nimewahi kuuguza mbaya kuliko huu. Ukipona, utakuwa mfupi kidogo. Pengine utapinda."

"Upinde kama wa Uriah Cobb?" Jotham akauliza.

Sufuria lilikuwa likitokota.

"Sisemi kwa ubaya, Daktari," Jotham akaendelea, akikunja kofia yake mikononi. "Mimi si mtu wa kesi. Ila kaka yake mama huyu ni mtu wa kesi, na watu wanasema... Mimi sijui. Wewe ndiye msomi. Utakachosema ndicho."

"Nipe dakika na mke wangu," akasema Asahel.

Waliingia katika chumba cha maziwa, kilichokuwa baridi, mabakuli ya malai yamepangwa kwenye rafu. Asahel akaufunga mlango.

"Unasemaje?" akamwuliza.

"Daktari ni wewe."

"Thirza. Nakuuliza. Mguu ule ni mzima. Umeviona vidole. Lakini nikisimama tena mbele ya ule utepe..." Hakumaliza. "Niambie niuokoe, nitauokoa. Nahitaji mtu mmoja tu wa kuniambia."

Thirza alijua vizuri sana alichoombwa. Mumewe alikuwa mtu jasiri aliyeishiwa na ujasiri, naye alikuja kuuazima kwa mkewe, kama jirani anavyokuja kuazima makaa ya moto. Thirza alikuwa nao. Siku zote baadaye hangeweza kujidanganya kwamba hakuwa nao. Lakini aliiona kofia ya mke wa Loomis. Aliona Purcell akipima kitambaa. Aliona watu wakibeba kitanda chake kukitoa nje ya nyumba mchana kweupe, na wapita njia wakisimama kutazama upande wa godoro wenye doa.

"Mguu uliokatwa haufiki mahakamani," akasema.

Asahel alikuwa kama mtu aliyenyoosha mkono gizani kutafuta ukuta na asiupate.

"Haya," akasema mwishowe, kwa upole. Wala hakumlaumu, siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu.

Waliporudi jikoni, Asahel alisema mfupa umesagika kupita matumaini. Electa akapiga ukelele, kisha akajiziba mdomo kwa aproni. Thirza akakunja kitambaa mfano wa kikombe, akakimiminia etha, akakishusha usoni kwa Lovina.

"Mama Wadleigh," Lovina akanong'ona ndani ya kitambaa, "nikiamka utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mwanangu. Vuta pumzi."

"Si wewe. Mguu."

"Vuta pumzi," akasema Thirza.

Msichana alipolala, Thirza alimwachia Electa kitambaa, akaenda mwisho wa meza kushika wayo, kama alivyozoea. Asahel alikuwa mwepesi. Wepesi huo ndio uliompa jina alipokuwa kijana. Msumeno ulipoingia, Thirza alikuwa ameushika wayo kwa viganja vyote viwili. Ukalegea, ukawa mzito ghafla, ukabaki mikononi mwake. Bado ulikuwa na joto. Aliufunga katika shuka haraka, akiukunja, ili asiuone, na hata ndani ya shuka aliusikia ukiwa na joto, kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi.

*

Lovina alipona upesi, na Kelton Mills ikamrudia daktari wake.

Loomis mwenyewe aliporudi safarini alikwenda kulitazama kovu, akatangaza mbele ya mashahidi kwamba hajawahi kuona kazi safi kama ile hata katika hospitali za mjini. Wenye homa wakaanza kupiga hodi tena. Dukani Purcell alitoka nyuma ya meza yake, akamfungulia Thirza mlango.

"Karibu, mama, karibu! Sogeeni nyie, mpisheni mama akae na moto. Tunasikia Daktari amemtoa binti Tarbell mdomoni mwa kaburi."

"Ndivyo mnavyosikia," akasema Thirza.

"Tena kwa ujasiri! Si kila mtu ana moyo wa kukata."

Siku moja Jotham alileta donge kubwa la sukari ya miti, limefungwa vizuri kwa kitambaa, kuwa shukrani. Asahel alishukuru, akaliweka juu ya kabati, na halikuguswa. Hatimaye sisimizi waliligundua. Lakini Jotham hakuondoka. Alisimama mlangoni akizungusha kofia yake.

"Mama, nina jambo la kuuliza, usinione mjinga. Lovina analalamika. Anasema vidole vinamwuma. Vile visivyokuwepo. Anasema vimekunjana, kama vimebanwa kwenye kiatu kidogo. Wazee wanasema kiungo kikizikwa kimekunjwa, mwenyewe hapumziki hadi kinyooshwe. Basi nimeufukua."

Thirza akashika ukingo wa meza.

"Nimeutengenezea sanduku, mama, nimeunyoosha, nimeulaza kama mtu. Kidole kimoja kimoja. Nikauzika tena chini ya mti anaoupenda Lovina." Macho yake yalikuwa mekundu. "Kweli vilikuwa vimekunjana. Ni haraka tu, najua. Sikulaumu. Nimekuja kukwambia usihangaike, nimeshanyoosha."

"Na maumivu?" akauliza Thirza.

"Bado," akasema Jotham. "Lakini labda ni mapema."

Alipoondoka, Asahel alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake cha kazi. Alikuwa amesikia yote. Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hawa walikuwa waosha wawili wa maiti mmoja, na tangu siku ile ya Machi hawakuweza kuketi meza moja bila kila mmoja kuyakwepa macho ya mwenziwe.

*

Juni, Lovina alikuja kanisani kwa mara ya kwanza. Ngazi za kanisa lile ni ndefu, za mawe, na magongo yake yalikuwa mapya. Alipanda moja, akasimama, jasho likimtoka. Baba yake alikuwa bado anafunga farasi. Watu wakasimama kumtazama kwa huruma, kila mmoja akimngoja mwenziwe asogee.

Aliyesogea ni Uriah Cobb. Alishuka akichechemea, mguu wake mfupi ukitua kwa kishindo kila alipokanyaga, akasema, "Ruhusa, binti," akambeba Lovina mikononi kama mganda wa ngano, akapanda naye ngazi zote hadi mlangoni. Alimweka kwenye benchi la nyuma, karibu na Thirza, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

"Asante, Bwana Cobb," Lovina akasema, akitweta na kucheka. "Una nguvu!"

"Nguvu ya nini, na mguu kombo huu," akasema Uriah. Aliinua macho, akakutana na ya Asahel, na uso wake ukawa mwekundu hadi masikioni. "Mguu huu unanifikisha, Daktari," akasema kwa sauti ya chini. "Nilipaswa kusema hivyo siku ile. Unanifikisha."

Akaenda zake kukaa na mkewe, kishindo kwa kishindo. Asahel alimsindikiza kwa macho hadi mwisho, kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyelelewa na watu wengine.

Lovina akaegemeza magongo yake, akajisogeza karibu na Thirza. Aliongea kwa kunong'ona, maana watu walikuwa wakiingia.

"Mama Wadleigh, nilitaka kukuuliza kitu. Baba hataki kusema na mama analia. Wewe ndiye uliyekuwa umeushika."

"Niulize."

"Ulikuwa baridi? Maana naota. Naota kwamba Daktari aliniambia nichezeshe vidole, na vikacheza. Naamka nikiwaza, kama vilicheza..." Aliacha. "Nikijua ulikuwa umeshakufa, ninaweza kuishi hivi. Ni kutojua kunakonimaliza."

Upande wa pili wa Thirza, Asahel alikuwa amesikia. Safari hii hakugeuka kumwuliza mkewe anasemaje. Alitazama mbele, mikono yake mikubwa imelala juu ya magoti kama vitu vilivyosahauliwa na mwenyewe.

Kweli ilikuwa pale, karibu kabisa na meno. Thirza aliisikia. Alijua kwamba akiitamka, ingetoka mlangoni yenyewe, ipande ngazi za mahakama, ilale juu ya ile meza. Akataka kuamini kwamba anamhurumia msichana. Angeweza hata kumshawishi Mungu kwamba ni huruma.

"Ulikuwa baridi," akasema. "Kama jiwe, mwanangu. Ndoto ni ndoto."

Lovina akafumba macho. Machozi yalimtoka chini ya kope, na uso wake mzima ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Akauchukua mkono wa Thirza, ule uliokuwa umeushika wayo, akaubusu kiganjani.

"Mungu akubariki," akasema. "Nyinyi wawili."

Wimbo wa kwanza ukatajwa, na kanisa lote likasimama. Asahel alisimama, akishikilia benchi la mbele yake. Lovina alibaki ameketi, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Thirza naye akataka kusimama, akashindwa. Akabaki chini kando ya msichana, kiganja chake kikiwaka moto mapajani, huku sauti za watu wote zikipaa juu ya vichwa vyao.

Kutoka benchi la tatu, mke wa Loomis aligeuka nyuma, akamwona, akamgusa mumewe kwa kiwiko. Wengine nao wakageuka, huku wakiimba, nyuso zao zimejaa upole.

"Mtazameni Dada Thirza," mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kutosha kufika nyuma. "Amekataa kusimama, ili yule mtoto asione haya peke yake."